Mkono wa Kushoto ni wa Uongo

Mfuko wa nguo za Mwalimu ulikuwa umekaa mlangoni tangu asubuhi na mapema, na kila aliyepita aliuruka. Fundi, mkewe aliyeitwa hivyo kwa kazi yake ya kushona, aliuruka akienda kuchemsha maji ya kumwogesha, akauruka akirudi na beseni, akauruka tena alipokumbuka kwamba dawa za presha amezisahau juu ya kabati. Mwishowe hakuuruka. Alikaa juu yake, akavua kandambili moja, akaanza kujikanda kisigino. Tuliseme hili mapema lisije likatusumbua huko mbele: mama huyu alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Ni ule unaoingia kwenye viungo, ukajipangia chumba humohumo, na hauna habari ya kuhama.

Nje, binti yao wa pekee alikuwa akipanga mito kwenye kiti cha nyuma cha gari. Alikuja jana mchana kutoka mji wa mbali anakosimamia ghala la dawa, na leo alikuwa anarudi na baba yake, aishi naye huko. Hivyo ndivyo walivyokubaliana mama na mwana kwenye simu, wala hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Nyumba ya binti ina nafasi, ina bafu lisilo na kizingiti, ina mama msaidizi aliyewahi kuuguza wazee. Nyumba ya Fundi ina vyumba viwili na ukumbi, na kimoja kati ya hivyo vyumba kimejaa vitambaa, cherehani na mume.

Huyo mume alikuwa amekaa humo sasa, karibu na dirisha, kwenye kiti chenye mikono, ameshanyolewa na kuvishwa shati jeupe la safari. Alifundisha Kiingereza sekondari maisha yake yote ya kazi, na wanafunzi walimwita Mwalimu tu, kama vile wengine wote waliokuwa wakiingia darasani wamekuja kufagia. Kiharusi kilimpata mwaka uliofuata baada ya kustaafu, mezani, kikombe mkononi. Kilichukua mkono na mguu wa kulia, kisha kikachukua maneno. Kilichochekesha hapo, kwa mwenye moyo wa kuchekea mambo kama hayo, ni kwamba maneno hakikuyachukua yote. Kiswahili kilikwenda chote, lugha aliyonyonya kwa mama yake. Kiingereza cha kuombea maji nacho kikaenda. Zikabaki nahau. Nahau za Kiingereza, zile alizozipenda na kuzifundisha mpaka wenzake ofisini wakawa wanamkimbia, zenyewe ziliganda ulimini kama ukoko wa sufuria.

Ukimwuliza kama ana njaa, alikuambia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba mvua inanyesha paka na mbwa. Akibanwa na haja ndogo, alitangaza kwamba paka ameshatolewa mfukoni. Siku aliyoteleza bafuni, na Fundi akahangaika kumwinua mpaka akakaa chini naye akilia kwa hasira, Mwalimu alitamka pale sakafuni, kwa sauti ya mtu anayefunga kipindi, kwamba kazi yenyewe ni kipande cha keki. Fundi hakujua maana yake. Kiingereza chake chote kingeenea ndani ya subana ya kushonea na nafasi ikabaki. Alipokuja kuelezwa baadaye kwamba Waingereza wakisema hivyo wanamaanisha jambo rahisi sana, alicheka kidogo, halafu akarudi kwenye mashuka ya kufua.

Hospitali walimpeleka. Mtaalamu wa matamshi, binti mpole mwenye foleni ya wagonjwa iliyofika mpaka ngazini, alieleza vizuri na bila haraka. Maneno ya mazoea, alisema, yana mahali pake kichwani, mbali na maneno tunayoyachagua wenyewe. Kuna mgonjwa hawezi kutaja jina la mkewe lakini anatukana vizuri kabisa. Kwa hiyo nahau zinatoka zenyewe, asizitafutie maana.

"Na anaelewa tunachosema?" Fundi aliuliza.

"Hilo ndilo sijalijua, Mama. Nikimpa picha anagusa zote, au hagusi hata moja. Wapo wanaoelewa kuliko tunavyodhani, na wapo ambao hapana. Wewe unayeishi naye unaonaje?"

Mwalimu alicheka watu walipocheka. Alitazama kilichotazamwa. Mtoto mchanga pia hufanya hivyo. Fundi akajibu kwamba hajui, na yule mtaalamu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezoea jibu hilo, akawapa tarehe ya kurudi.

Basi ndivyo ilivyoanza tabia mbaya ya nyumba ile, nayo haikuanza kwa ubaya. Mtu asipokujibu siku ya kwanza unamwonea huruma. Mwezi wa kwanza unaongea naye peke yako, unamwuliza na kujijibu. Halafu unachoka. Halafu unaanza kuongea juu yake akiwa palepale, kama watu wanavyoongea juu ya paa linalovuja. Simu ile ya kumwita binti, Fundi aliipigia kwenye cherehani, Mwalimu akiwa karibu kiasi kwamba pindo la kitambaa lilikuwa limelala gotini mwake.

"Mwanangu, njoo umchukue," alisema. "Mimi maji yamenifika shingoni. Nikimgeuza usiku, asubuhi mgongo haunyooki. Wateja wananikimbia, juzi nimemshonea mtu suruali, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, mimi, na miaka yote hii. Na sikufichi. Kuna siku namwangalia nasema mume wangu alishaondoka, nimeachiwa mtu wa kulisha. Njoo umchukue. Hataona tofauti."

Mwalimu alikuwa ametazama dirishani. Alisema kitu kuhusu mshumaa unaowashwa pande zote mbili, ambao kwa Waingereza ni mtu kujichosha kupita kiasi.

Wanafunzi wake wa zamani, kwa upande wao, walikosea kinyume kabisa. Wao walidhani kila anachotamka ni ujumbe. Kiongozi wao alikuwa dalali mmoja wa nyumba aliyepewa jina la Kamusi tangu shuleni, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni na suti ya hudhurungi aliyoivaa hata jua likiwa la utosi. Kamusi alikuja kila wiki, akakaa mbele ya Mwalimu, akamwuliza mambo ya biashara, siasa na ndoa, na chochote alichojibiwa alikifasiri. Akiambiwa habari ya mpira kuwa upande wake wa uwanja, alikwenda kununua kiwanja. Siku moja Mwalimu alitamka ile ya kupiga ndoo teke, ambayo kwa Waingereza ni kufa. Kamusi alitoka pale macho yamemtoka, akapiga simu huku na huko, na kabla jua halijazama ukumbi ulijaa watu wenye nyuso ndefu, wakamkuta marehemu mtarajiwa anakunywa uji. Fundi akalazimika kuwapikia chai wote. Aliwahi kusema Mwalimu mwenyewe, enzi za ulimi wake, kwamba Waingereza wanapiga ndoo teke na sisi tunakata kamba, kila mtu anakufa na zana zake. Siku ile Fundi alitamani angekuwa na zana yoyote ya kuwafukuzia watu.

Na leo, kwenye asubuhi ya kuondoka, sauti iliyobisha hodi ilikuwa ya nani kama si ya huyohuyo.

"Shikamoo, Mama. Nimesikia Mwalimu anatuhama. Nikasema haiwezekani, lazima nimuage."

"Marahaba. Pita, baba. Ruka huo mfuko," Fundi alisema, akiinuka juu yake.

Kamusi aliuruka, akaingia chumba cha kushonea, akavuta kigoda, akaketi mbele ya kiti cha Mwalimu, magoti yakikaribia kugusana. Fundi alikwenda jikoni. Aliisikia hotuba ikianza huku anamimina chai, na aliijua jinsi itakavyokwenda: shukrani, machozi kidogo, shukrani tena. Alirudi na kikombe na birika, akasimama mlangoni kusubiri apate upenyo wa kupita.

"Mwalimu, mimi sitasahau," Kamusi alikuwa anasema. "Wewe ndiye uliyetueleza hiyo ya mvua. Kwamba zamani Waingereza waliezeka kwa nyasi, na paka na mbwa walipanda kulala paani juu ya nyasi kwa sababu kuna joto, mvua kubwa ikija paa linateleza, wanaporomoka chini. Ndiyo wakasema inanyesha paka na mbwa. Mimi hiyo nawaambia wanangu mpaka leo."

Mkono wa kushoto wa Mwalimu uliinuka.

Haukuinuka kama mkono unaopunga au unaotafuta leso. Ulitoka kwenye mkono wa kiti polepole, ukapita bega, ukasimama juu ya sikio, kiganja wazi, ukatulia hapo. Kamusi alidhani anabarikiwa. Aliinamisha kichwa, akafumba macho.

Fundi aliweka birika chini, sakafuni, mahali ambapo hata siku ya wazimu asingeiweka.

Kuna jambo ambalo mtu aliyepita darasa la Mwalimu hawezi kulisahau, ingawa anaweza kulielewa vibaya, kama Kamusi. Mwalimu hakupata kufundisha nahau kwa kuiandika na maana yake mbele, mkanakili, mkaondoka. Alikuja na hadithi mbili za asili yake. Moja ameitoa vitabuni. Nyingine ameipika mwenyewe, au ameiokota kwa watu wanaopenda kutia chumvi. Zote alizisimulia kwa uso uleule mkavu, na baada ya kila hadithi darasa lilipaswa kupiga kura: wanaoamini waache mikono chini, wanaokataa wainue mkono wa kushoto. Wa kushoto ni wa uongo. Kuongea marufuku. Watoto walipenda mchezo ule kuliko mapumziko, japokuwa kengele ikilia kabla ya kura wengine walikimbilia nje na ile hadithi ya kupikwa vichwani mwao, wakaishi nayo.

Lakini kabla ya kuipeleka shuleni, kila hadithi ilijaribiwa hapa, kwenye chumba hiki, kwa mwanamke asiyejua Kiingereza. Mwalimu alisimulia kwa Kiswahili akizunguka kati ya vitambaa, na Fundi alisikiliza huku anashona, pini zimembana midomo, hana nafasi ya kusema neno. Ukimfikia uongo, alisimamisha mguu kwenye pedali, akainua mkono wa kushoto. Alikuwa mgumu kudanganyika. Akipitwa na moja, Mwalimu alikwenda shuleni akisugua viganja. Hii ya paka na mbwa juu ya nyasi aliikataa kabla haijafika mwisho, akatema pini kabisa aongee. "Paka gani anakaa juu ya paa mvua ikinyesha? Paka ana akili." Mwalimu alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye vazi la mteja. Akakiri kwamba hata wenye lugha yao hawajui nahau ile ilitoka wapi, wanakisia tu. Hata hivyo aliitumia miaka na miaka, kwa sababu kila darasa lilinasa.

Fundi alikuwa hajaufikiria mchezo ule tangu kiharusi. Nani angeufikiria? Mchezo ule ulikuwa wa hadithi na kicheko, na nyumba ilikuwa na beseni na dawa.

Aliingia, akamgusa Kamusi begani. "Nipishe kidogo, mwanangu. Kunywa chai."

Akaketi kwenye kigoda chenyewe. Mkono wa Mwalimu ulikuwa umeshashuka.

"Kuuma risasi," Fundi alisema kwa Kiswahili, na sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine. "Wanasema hivyo mtu akijikaza kwenye maumivu. Wewe uliniambia vitabu vinasema ni askari waliokuwa wanakatwa mguu bila dawa ya usingizi, wanapewa risasi waing'ate."

Mwalimu alimtazama. Mkono haukuondoka.

"Kuvunja barafu. Wanasema hivyo watu wasiojuana wakianza kuzoeana. Palikuwa na mfalme mwenye jino bovu. Kila mgeni akija lazima avunje kipande cha barafu kwa nyundo, mfalme apate cha kuweka shavuni, ndiyo waongee."

Mkono ulipanda, na upande mzima wa mdomo wake, ule unaotii, ulipanda nao.

"Basi ni meli. Zilizotangulia kupasua barafu ili nyingine zipite."

Mkono ulishuka.

Alimpa nyingine, na nyingine. Alizichanganya, akaipa ya kweli sura ya uongo na ya uongo sura ya kweli, akakunja uso mkavu kama Mwalimu alivyoukunja enzi zake. Mwalimu hakukosea hata moja. Mdomo wake uliendelea na wendawazimu wake, ukatoa kipande cha keki, ukatoa mshumaa, na mkono ukaendelea kujibu barabara, mpaka ukalegea kwa kuchoka na Fundi akaacha. Kamusi alikuwa amesimama na kikombe chake, hajakigusa.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nenda kamsaidie dada yako kwenye gari."

Furaha ndiyo iliyotangulia, na tuipe haki yake, iliingia kwa nguvu. Yupo. Mtu wake yupo, mzima, na ujanja wake wote, amekaa humo ndani nyuma ya mdomo uliomsaliti. Fundi alicheka peke yake na mikono akaiweka kifuani. Na hapohapo, kabla kicheko hakijakauka, likamjia la pili, akatamani ardhi ipasuke immeze. Kama yupo leo, alikuwepo jana. Alikuwepo siku ya simu, pindo gotini mwake. Alikuwepo kila alipozungumzwa kama paa linalovuja.

Alisimama akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Umesikia yote," alisema.

Mkono ulibaki ulipokuwa. Hapo ndipo Fundi alipoelewa jinsi watakavyoishi ikiwa wataishi: mtu huyu ana neno moja tu lililobaki, nalo ni hapana. Akiafiki, atanyamaza.

"Hata kwenye simu."

Kimya.

"Nimechoka, Mwalimu. Hilo sitalificha."

Kimya. Macho ya Mwalimu yalikuwa juu yake, na hayakuwa na lawama. Afadhali yangekuwa nayo.

"Nilisema umeshaondoka. Sikumaanisha."

Mkono ulianza kupanda. Ulifika kifuani, ukasita hapo, kama mwanafunzi anayemwonea mwalimu wake haya.

"Haya," alisema Fundi. "Siku ile nilimaanisha."

Mkono ukashuka.

Huko nje binti aliita kwamba jua linapanda, barabara itajaa malori. Fundi alichukua kipande cha kitambaa mezani, akakikunja, akakikunjua, akaanza kumweleza mumewe safari yenyewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumweleza. Kwamba kwa binti kuna bafu lisilo na kizingiti. Kimya. Kwamba yule mama msaidizi ana nguvu, atamwinua bila kumwangusha. Kimya. Kwamba yeye Fundi atalala, atalala usiku mzima kama mtu, na kazi itarudi mkononi. Kimya, na kope za Mwalimu zilishuka mara moja, taratibu, kama anayemwambia aendelee. Mtu yeyote angesema mzee ameridhika. Na huenda alikuwa ameridhika kweli, kwa yote hayo, maana yote yalikuwa kweli.

"Utakaa huko miezi michache tu," Fundi alisema. "Mgongo wangu upone. Halafu nitakuja kukuchukua."

Mkono uliinuka. Safari hii haukusita kifuani. Ulinyooka wote, kiwiko hakina mkunjo.

"Nasema nitakuja, Mwalimu. Naapa."

Ulibaki juu.

Fundi alifungua kinywa amkemee, kisha akageuza macho yake pale Mwalimu alipokuwa anatazama. Ukutani, nyuma ya kitanda chake kidogo, palikuwa na alama mbili za chaki ya kushonea. Alizichora Fundi mwenyewe wiki iliyopita. Alikuwa amepima kwa futi upana wa kitanda, Mwalimu akiwa amelala humo, akamtaka seremala amtengenezee meza ya kukatia inayoingia pale kamili. Hakuwa ameona ubaya. Alikuwa anajipanga tu, na meza ni meza. Lakini hakuna anayetengeneza meza ya kuingia kamili kwenye nafasi ya miezi michache.

Aliufikia ule mkono, akaushusha kwa mikono yake miwili, kwa sababu ulikuwa unatetemeka na mwenyewe hakuwa tayari kuushusha. Ulikuwa mwepesi. Akaushika hapo gotini muda mrefu. Hakulia, machozi yalihitaji nguvu ambazo hakuwa nazo. Alihisi mgongo ukimuuma mahali palepale, na alijua kwamba usiku utamuuma tena.

Binti alikuwa ameegemea gari, Kamusi kando yake anamweleza bei za viwanja. Walipomwona Fundi anakuja bila mfuko na bila mtu, binti alinyanyuka, Kamusi akaacha bei katikati.

"Baba haendi," Fundi alisema.

"Mama." Binti aliongea kwa upole wa mtu aliyeshalitarajia hilo. "Tumelizungumza. Utaanguka wewe, halafu nitakuwa na wagonjwa wawili."

"Nitaanguka kweli. Ndiyo maana yule msaidizi wako utamleta huku, na wewe utakuja kila ukipata nafasi, si kwenye simu. Usidhani nimepata nguvu. Nimechoka vilevile kama jana."

"Sasa kimebadilika nini?"

"Nimeongea na baba yako."

Binti alimtazama mama yake kwa huruma, akampelekea Kamusi jicho la kuomba msaada. Kamusi, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na tafsiri, alitazama viatu vyake.

"Ule mchezo wake," Fundi alisema. "Wa hadithi mbili. Anaujua wote. Nimempa za kweli na za uongo, hajakosea. Mkono wa kushoto."

Binti hakuhitaji kuelezwa zaidi, alikuwa amekulia chini ya meza ya chumba kile. Kiganja kilimpanda mdomoni. Jana jioni tu, akimlisha baba yake, alikuwa ameuliza kwa sauti kama wamzike huku au kule siku ikifika. Alikaa kwenye ngazi ya gari.

"Kasikia," alisema.

"Kasikia."

Lori lilipita barabarani likafunika kila kitu kwa mlio wake, na vumbi likawafikia.

"Na ukamwuliza kuhusu kuondoka?" binti aliuliza. "Alikataa?"

"Hakukataa. Bafu alikubali, msaidizi alikubali, na mimi kulala alikubali. Nikamwambia ni miezi michache tu, halafu nitakuja kumchukua. Hapo ndipo alipoinua mkono."

Binti alimwangalia mama yake usoni.

"Kwani ulikuwa unamdanganya?"

Fundi alifungua mlango wa nyuma wa gari, akaanza kutoa mito.

"Nilikuwa sijui," alisema. "Ameniambia yeye sasa hivi."